Kisu Kilivyofundishwa Kusubiri

Chini kidogo ya kikoromeo, mbele ya bomba la pumzi, pamelala tezi ndogo yenye mapande mawili na ukanda mwembamba wa kuyaunganisha, ambayo uzito wake kwa mtu mzima ni takriban gramu 20, na ambayo, juu ya udogo wake huo, imekabidhiwa joto la mwili, mwendo wa moyo, kimo cha mtoto na wepesi wa akili. Tezi hii, ambayo vitabu vya shule huiita dundumio, ina tabia ya kuota vivimbe. Katika nchi ambazo watu wake hupata madini joto ya kutosha, wanawake 5 hivi katika kila 100, na mwanamume 1 katika kila 100, wana kivimbe kinachoweza kupapaswa kwa vidole. Na tangu ilipokuja mashine ya ultrasaundi, vivimbe vidogo vimefumaniwa katika shingo za watu wengi zaidi, hata pengine nusu ya waliopimwa. Vingi katika hivyo ni vya salama, na mwenyewe angeweza kuishi navyo mpaka ajali yake ifike. Ila 7 mpaka 15 katika kila 100, kwa hesabu za matabibu, ni saratani.

Kuvitenga hivi na vile ni kazi iliyowashughulisha matabibu kwa miaka elfu moja, na kila zama iliifanya kwa chombo chake: kisu, kisha sindano na hadubini, na katika siku zetu hizi, jeni. Tarihi ya vyombo hivyo aghalabu husimuliwa kama tarihi ya kushinda ugonjwa, na hayo ni kweli kwa sehemu. Lakini mwenye kuifuata hatua kwa hatua ataona kwamba kila chombo kipya kilithaminiwa zaidi kwa shingo kilizoziepusha na kisu kuliko kwa zile kilizozipeleka kisuni.

Watu wa kale walilijua rovu, yaani uvimbe mkubwa wa tezi hii shingoni, kabla ya kuijua tezi yenyewe. Huko Uchina, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kutenga madini joto, waganga waliwapa wenye marovu mwani na majivu ya sifongo za baharini, dawa iliyofaa bila ya mtoaji kujua siri ya kufaa kwake. Lakini miongoni mwa wa kwanza kuuliza kilichomo ndani ya uvimbe kabla ya kuukata ni mpasuaji wa Andalusia, Abul-Kasim az-Zahrawi, aliyeishi karibu na mji wa Kordoba na kufariki yapata mwaka 1013. Katika kitabu chake kikubwa cha At-Tasrif, chenye juzuu 30, ambacho juzuu yake ya mwisho ni ya upasuaji na imejaa picha za vyombo vya kazi hiyo, alieleza uvimbe mkubwa wa koo, akaugawa katika ule mtu anaozaliwa nao, ambao aliuona hauna dawa, na ule unaozuka baadaye. Na huu wa pili akaugawa tena katika ule ulio wa mafuta na ule ulio wa mshipa wa damu uliotanuka, ambao kuukata ni hatari. Ndipo akaagiza uvimbe uchunguzwe kwanza kwa chombo chembamba cha kuchomea, ili mpasuaji ajue kilichomo kabla hajashika kisu. Juzuu hiyo ya upasuaji ilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na Gerard wa Cremona, ikasomwa na wapasuaji wa Ulaya kwa mamia ya miaka, walakini agizo hilo la hadhari halikushika mizizi.

Tezi yenyewe ilikaa muda mrefu bila kujulikana kazi yake. Mwaka 1656 Thomas Wharton wa London, aliyeandika kitabu juu ya tezi za mwili wa binadamu, alidhani kwamba miongoni mwa kazi za tezi hii ni kuijaza shingo na kuipa umbo la kupendeza, hasa shingo za wanawake. Kwa dhana kama hiyo haikuwa ajabu watu kuihesabu kuwa pambo linaloweza kuondolewa pasi na hasara, na kilichouzuia mkono wa mpasuaji hakikuwa heshima kwa tezi, bali woga wa damu. Tezi hupokea damu nyingi kupita kadiri ya ukubwa wake. Na katika zama zisizokuwa na dawa ya usingizi, wala usafi wa kuua vijidudu, wala koleo za kubania mishipa, mgonjwa aliyekatwa shingo aghalabu alifia mezani kwa kutokwa na damu, au alifariki siku chache baadaye kwa kuoza jeraha. Mwaka 1850 Akademia ya Tiba ya Ufaransa iliulaani upasuaji huo, na wengi wa wapasuaji wakubwa wa wakati ule waliona kwamba mtu mwenye akili timamu haugusi.

Aliyeugeuza upasuaji huo kutoka mauaji kuwa fani ni Theodor Kocher, mzaliwa wa Bern katika Uswisi, mwaka 1841, aliyepewa kiti cha uprofesa wa upasuaji katika mji wake akiwa na miaka 31. Uswisi ni nchi ya milima iliyo mbali na bahari, ambayo udongo wake umeoshwa madini joto kwa mvua na barafu za maelfu ya miaka, na katika mabonde yake watu wenye marovu makubwa walikuwa wa kawaida, kadhalika watoto waliozaliwa na ubutu wa akili na mwili kwa sababu hiyohiyo. Kocher hakukosa wagonjwa. Alikuwa mtu wa ibada, mtaratibu na msafi kupita kiasi, aliyekata polepole, akiufunga kila mshipa kabla ya kuuvuka na kuilinda mishipa ya fahamu inayoendesha sauti. Na kwa tabia hizo vifo vya wagonjwa wake, ambavyo mwanzo vilikuwa takriban 13 katika kila 100, vilishuka mpaka chini ya 1. Alipofariki mwaka 1917 alikuwa amekwisha kupasua shingo takriban 5,000, na mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobeli, mpasuaji wa kwanza kuipata.

Lakini ustadi huohuo ndio uliomletea mtihani wake mkubwa. Mwezi wa Januari mwaka 1874 Kocher alimpasua msichana wa miaka 11 mwenye rovu, akaiondoa tezi yote, na jeraha likapona vyema. Miaka kadhaa baadaye zikamfikia habari, kutoka kwa tabibu wa kijijini alikokaa msichana yule, kwamba amebadilika. Alikuwa na mdogo wake wa kike ambaye, kabla ya upasuaji, watu walishindwa kuwapambanua; sasa yule mdogo alikuwa mwanamwali aliyekamilika, ilhali mgonjwa amebaki na kimo cha mtoto, uso umemvimba, mwendo mzito na akili imedumaa. Wakati huohuo Jacques-Louis Reverdin wa Geneva alikuwa ameanza kuona mambo kama hayo kwa wagonjwa wake mwenyewe. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani warudi ili awatazame, na kwa wengi wa wale aliowaondolea tezi nzima akaiona hali ileile kwa daraja mbalimbali. Mwaka 1883 aliyatangaza hayo mbele ya wapasuaji wenzake mjini Berlin, bila kujificha, akaapa kwamba hataiondoa tena tezi yote kwa sababu ya rovu tu. Kocher aliumizwa na ukamilifu wa kazi yake: wapasuaji wenye mikono isiyo stadi, walioacha vipande vya tezi nyuma, waliwaacha wagonjwa wao na uhai wa akili.

Kutokana na ajali hiyo ulimwengu ulijua tezi ni kitu gani. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, katika Uingereza, alimdunga mwanamke mgonjwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo, naye akapata nafuu na kuishi miaka 28 zaidi, akiwa ametumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Mwaka 1895 Eugen Baumann, Mjerumani, aligundua kwamba tezi ina madini joto, yaani iodini, ile ambayo Mfaransa Bernard Courtois aliipata mwaka 1811 katika majivu ya mwani alipokuwa akitengeneza shura ya baruti, na ambayo Jean-François Coindet wa Geneva alianza kuwapa wenye marovu mwaka 1820. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914 Edward Kendall, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, alifaulu kuitenga homoni ya tezi ikiwa safi. Kisha mwaka 1922 jimbo dogo la Uswisi, Appenzell Ausserrhoden, likaanza kuuza chumvi iliyotiwa madini joto, na marovu, ambayo yalikuwa yamewashinda waganga kwa karne nyingi, yakaanza kupungua kwa dawa ya bei ya chumvi.

Habari hii ya chumvi si ya Uswisi peke yake. Katika kisiwa cha Idjwi, kilicho katikati ya Ziwa Kivu, wataalamu wa Kibelgiji wa miaka ya 1960, François Delange miongoni mwao, walikuta watu wa kaskazini wana marovu kwa wingi na wale wa kusini-magharibi wana machache, ilhali wote walipungukiwa madini joto kwa kadiri inayokaribiana. Na baada ya uchunguzi wakaona tofauti iko katika chakula, kwa maana muhogo una sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia tezi isipate hata yale madini joto machache yaliyopo. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako marovu yalijulikana vizazi kwa vizazi, watu waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi inayouzwa iwe na madini hayo. Hakuna mpasuaji, hata angekuwa Kocher, aliyeponya shingo nyingi kama alivyoziponya muuza chumvi.

Hata hivyo chumvi hupunguza marovu. Vivimbe vya pekee haivimalizi. Na maadamu katika vivimbe hivyo imo saratani, matabibu wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walishika kanuni nyepesi: penye shaka, kata. Kanuni hiyo ilikuwa na gharama ambayo aghalabu haikuandikwa. Nyuma ya tezi hupita mshipa wa fahamu mwembamba unaoendesha nyuzi za sauti, na ukiguswa mtu hubaki na sauti ya mkwaruzo, pengine maisha. Pembezoni mwa tezi hiyo zimo tezi nyingine nne, ndogo kama punje, zinazotawala kalisi ya damu, na zikiondolewa kwa bahati mbaya mgonjwa hushikwa na ganzi na mikakamao. Na aliyeondolewa tezi yote hunywa kidonge kila asubuhi mpaka mwisho wa umri wake. Walio wengi katika waliolipa gharama hiyo walikuwa na vivimbe ambavyo, baada ya kukatwa na kutazamwa, vilionekana havikuwa na dhara lolote.

Sindano ilirudi kwa njia ya New York. Mwaka 1930 Hayes Martin na Edward Ellis wa Hospitali ya Memorial walieleza namna ya kuchoma uvimbe kwa sindano na kuvuta seli zake kwa ajili ya hadubini. Lakini sindano yao ilikuwa nene, wengi walihofu kwamba seli za saratani zitamwagika katika njia ya sindano na kuota mahali papya, na wasomaji wa hadubini wa Marekani, waliozoea kupewa kipande kizima cha nyama, hawakutaka kutoa hukumu kwa chembe chache zilizotawanyika. Waliouchukua ufundi huo na kuutukuza walikuwa watu wa Uswidi. Katika miaka ya 1950 na 1960, kwenye nyumba ya tiba ya saratani iitwayo Radiumhemmet, mjini Stockholm, Sixten Franzén, Josef Zajicek na wenzao walitumia sindano nyembamba isiyofika unene wa milimita 1, wakabuni mpini wa kushikia bomba la sindano kwa mkono mmoja ili mkono wa pili ukishike kivimbe, na wakaandaa wasomaji waliokubali kusoma seli zilizotengana. Ufundi huo ulichukua miaka mingi kuvuka bahari, na haukuwa wa kawaida Marekani mpaka kufika miaka ya 1980.

Anayetaka kuujua uzito wa ufundi huo na autazame ukifanyika, maana hauna fahari yoyote. Mgonjwa hulazwa chali, mto ukawekwa chini ya mabega ili shingo ikunjuke nyuma, akaambiwa asimeze mate wala asiseme. Tabibu hukitafuta kivimbe kwa ultrasaundi, akaingiza sindano, akaichezesha mbele na nyuma kwa nukta chache, akaichomoa. Kinachopatikana ni tone, nalo hutandazwa juu ya slaidi ya kioo, likatiwa rangi, na msomaji wa hadubini akaliangalia seli kwa seli: viini vyake vina mikunjo au havina, zimejipanga kwa duara au zimesongamana. Mtu huondoka na kipande cha plasta shingoni, akarudi kazini siku ileile. Kwa tone hilo wagonjwa wengi mno waliepushwa na kisu, na miongoni mwa wale waliopelekwa kukatwa, waliokuwa na saratani kweli walizidi kuwa wengi.

Lakini sindano nayo ilikuwa na kiza chake. Iko aina ya uvimbe ambao seli zake, ziwe za salama au za saratani, hufanana kabisa. Kinachozipambanua ni iwapo zimeutoboa ukuta mwembamba unaouzunguka uvimbe wenyewe na kuingia katika mishipa ya damu. Sindano huleta seli, ukuta ikauacha shingoni. Kumtaka msomaji aamue hapo ni sawa na kumwonyesha mtu nywele chache za ng'ombe na kumuuliza kama ng'ombe huyo amevunja zizi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2007 wataalamu walikutana mjini Bethesda, katika jimbo la Maryland, wakaafikiana kuyagawa majibu yote katika mafungu sita, ili neno la msomaji wa mji huu lifahamike na tabibu wa mji ule. Fungu la pili ni la salama, la sita ni saratani kwa yakini. Lakini katikati yakabaki mafungu ya shaka, na katika kila vivimbe 100 vilivyochomwa, 15 mpaka 30 hivi viliangukia humo. Wenye vivimbe hivyo waliendelea kukatwa, na walio wengi katika wao walikatwa bure. Katika uchochoro huo wa shaka ndimo jeni ilimoingia.

Elimu ya jeni za saratani ya tezi haikuanzia kwa watu waliotaka kuwasaidia wasomaji wa slaidi. Ilianzia Naples, katika Italia, ambako Alfredo Fusco, Massimo Santoro na wenzao, kati ya mwaka 1987 na 1990, waligundua kwamba katika baadhi ya saratani za tezi jeni iitwayo RET imekatika na kuungwa na kipande cha jeni nyingine isiyo yake, kiasi kwamba ikawa inatoa amri ya seli kuzaliana pasipo ruhusa. Ugunduzi huo ulikuwa bado mbichi wakati msiba wa Chernobyl ulipoupa maana mpya. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia kililipuka katika Ukraine, na iodini yenye mionzi ikaanguka juu ya malisho, ikaliwa na ng'ombe, ikanywewa na watoto katika maziwa. Tezi haipambanui iodini ya mionzi na ya kawaida, na kwa kuwa sehemu hizo zilikuwa na uhaba wa madini joto, tezi za watoto ziliipokea kwa pupa. Baada ya miaka minne hivi saratani ya tezi, ambayo kwa watoto ilikuwa nadra mno, ikaanza kuongezeka. Na mwaka 1992 matabibu wa Belarus walipoyatangaza hayo katika jarida la Nature, baadhi ya wataalamu wa nje walitia shaka kwamba ni mapema mno. Lakini matabibu wale wa Belarus hawakuwa wamekosea. Kufikia mwaka 2005 waliopatwa, katika wale waliokuwa watoto na vijana wakati wa msiba, walizidi 6,000. Katika seli za wengi wao jeni ya RET ilikutwa imevunjika na kuungwa vibaya, na miongoni mwa waliozichunguza saratani hizo alikuwamo Yuri Nikiforov, tabibu aliyesomea Minsk na baadaye kuhamia Marekani, ambaye tutamkuta tena.

Jeni hiyohiyo ya RET ina habari nyingine, ambayo yafaa kutengwa na ya kwanza ili isichanganywe nayo. Iko saratani ya tezi inayorithiwa, ikashuka katika nasaba kutoka kwa mzazi mpaka kwa nusu ya watoto wake kwa kadirio. Na mwaka 1993 wataalamu wa Cambridge na wa St. Louis walithibitisha kwamba chanzo chake ni kosa katika RET, kosa lililomo katika kila seli ya mwili tangu kutungwa mimba, si katika kivimbe peke yake. Tangu hapo tone la damu la mtoto likatosha kujua amerithi au hakurithi. Aliyerithi huondolewa tezi angali mdogo, kwa aina nyingine za kosa hilo kabla ya kutimiza miaka mitano, saratani ikiwa bado haijaota. Mtu aweza kusema kwamba hapa jeni imekiharakisha kisu badala ya kukizuia, na ni kweli. Ila katika nyumba hiyohiyo ndugu yake ambaye hakurithi, aliyekuwa akidungwa dawa chungu kila mwaka ili damu yake ipimwe, huambiwa neno moja la kumweka huru yeye na kizazi chake.

Makosa mengine yalifuata kujulikana moja baada ya jingine. Yalipatikana yale ya jamii ya RAS mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2000 ukapatikana muungano wa jeni mbili, PAX8 na PPARG, katika vile vivimbe vyenye kufanana. Na mwaka 2003 ikadhihirika kwamba karibu nusu ya saratani za kawaida za tezi zina kosa moja lilelile katika jeni iitwayo BRAF, kosa la herufi moja ya vinasaba, mahali palipopaswa kuandikwa T pameandikwa A. Mwaka 2014 mradi mkubwa wa Marekani wa kuzisoma jeni za saratani ukachapisha habari za saratani za tezi 496, na zikabaki chache tu ambazo chanzo chake hakikuonekana.

Kutokana na hazina hiyo zilitoka njia mbili za kupima, ambazo falsafa zake zatofautiana. Njia ya kwanza, iliyokuzwa na Nikiforov na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, hutafuta makosa yenyewe: mwanzo jeni 7 tu, na kufikia mwaka 2017 jeni 112, katika kipimo kiitwacho ThyroSeq. Njia ya pili, iliyotolewa na kampuni ya Veracyte ya California mwaka 2011 kwa jina la Afirma, haikuuliza jeni gani imeharibika, bali jeni gani zinasema kwa sauti kubwa na zipi zimenyamaza, kwa kupima ujumbe ambao kila jeni huutuma ndani ya seli, na kusudi lake la kwanza lilikuwa kuvitambua vivimbe vya salama ili wenye navyo wasikatwe. Vipimo vyote viwili hutumia tone lilelile la sindano, ambalo sehemu yake hutiwa katika kichupa cha dawa ya kuhifadhi na kupelekwa maabara.

Mwaka 2012 Erik Alexander wa Boston na wenzake walichapisha jaribio la Afirma lililokusanya wagonjwa kutoka vituo 49. Katika vivimbe 265 vya shaka, 85 vilikuwa saratani, na kipimo kilivihesabu 78 kati ya hivyo kuwa vya kushukiwa saratani. Katika vile 180 vya salama, kilivitambua vilivyozidi nusu kidogo. Hapo pana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba zaidi ya nusu ya watu waliokuwa wakikatwa bure sasa wangeweza kuachwa. La pili ni kwamba katika zile saratani 7 zilizokiponyoka kipimo, 6 zilikuwa katika matone yenye upungufu wa seli za tezi. Mashine iliyosoma jeni 167 ilishindwa pale mkono wa mwenye sindano uliposhindwa. Vizazi vya pili vya vipimo hivyo, vilivyofuata mnamo mwaka 2017 na 2018, vimeongeza uwezo wa kutambua vya salama, lakini havikuubatilisha ukweli huo.

Tena elimu hii ilizaa matunda ambayo waanzilishi wake hawakuyatazamia. Kosa la RAS, mathalani, hukutwa katika saratani na katika vivimbe vya salama pia, na kwa hiyo kulikuta hakumaanishi hukumu. Mwaka 2016 Nikiforov na wenzake, wakiwamo wasomaji wa hadubini 24 kutoka nchi saba, walirudia kuzitazama saratani za aina moja ambazo hazikuwa zimeuvuka ukuta wake. Walikuta kwamba katika wagonjwa 109 waliofuatiliwa kwa miaka 10 na zaidi hakuna hata mmoja aliyerudiwa na ugonjwa wala kufa kwa sababu yake, nao wakaliondoa jina la saratani juu ya uvimbe huo. Ni nadra katika tiba kwa watu kuamka asubuhi wakaambiwa kwamba ugonjwa waliokuwa nao jana umevuliwa jina lake la kutisha.

Waliohitaji zaidi funzo hilo, kwamba si kila kinachoitwa saratani hudhuru, ni watu wa Korea ya Kusini. Huko, tangu mwaka 1999, upimaji wa saratani nyinginezo ulipoenea kwa msaada wa serikali, hospitali ziliongeza na ultrasaundi ya shingo kwa malipo madogo, na kufikia mwaka 2011 saratani za tezi zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993, zaidi ya 40,000 kwa mwaka mmoja. Lakini waliokufa kwa saratani hiyo walibaki idadi ileile ya siku zote. Maana yake ni kwamba wengi walikatwa kwa saratani ndogo ambazo zisingewadhuru kamwe. Katika Japani, Akira Miyauchi wa Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, alikuwa amechagua njia nyingine tangu mwaka 1993: wenye saratani zisizozidi sentimita 1 waliachwa na kutazamwa kila mwaka, na baada ya miaka 10 ambao zao zilikua hawakufika mmoja katika kila kumi, nao walipopasuliwa baadaye hawakupata hasara ya kungoja.

Katika Afrika Mashariki mambo haya yana mizani yake. Vipimo vya jeni hugharimu dola elfu kadhaa na vilisawazishwa zaidi kwa vivimbe vya wagonjwa wa Marekani, ambako chumvi ya madini joto imetumika kwa karibu karne nzima. Ilhali katika nchi zilizopata chumvi hiyo juzi, aina za saratani za tezi hazigawanyiki kwa uwiano uleule, na kipimo ambacho kwao ni cha kutegemewa kwa kadiri fulani chaweza kuwa cha kadiri nyingine kwetu. Mgonjwa wetu naye aghalabu huja na rovu lililokaa miaka mingi, linalombana pumzi, na kwake swali la kukata limekwisha kujibiwa na rovu lenyewe. Kwa hiyo utaratibu wa mambo haugeuki: chumvi iliyo na madini yake kweli, kisha kidole na ultrasaundi, kisha sindano katika mkono uliofundishwa, kisha msomaji wa slaidi ambaye hukumu yake ni ya kuaminika, na jeni kwa wale wachache wanaobaki katikati. Mwenye kuanzia mwisho atanunua jibu ghali la swali ambalo hakuwa na wa kuliuliza.

Na kwa kuwa thamani ya elimu hii yote imekuwa katika kuuzuia mkono, ni haki hesabu zake nazo ziandikwe kwa njia hiyo. Daftari za hospitali huonyesha wangapi walipasuliwa shingo kwa mwaka, na fahari ya idara hupimwa humo. Iongezwe safu ya pili, ya wale waliochomwa sindano, wakasomwa kwa haki, wakarudishwa nyumbani na tezi zao pamoja na tarehe ya kuja kutazamwa tena, na mganga mkuu aulizwe juu ya safu hiyo ya pili kwanza.